Siti, Lawino na Miili Iliyotukanwa

Kijembe alichoimbiwa Siti binti Saad kinajulikana na watu wengi kuliko nyimbo zake mwenyewe. Mahasidi wake wa Unguja walimwuliza tangu lini amekuwa mtu, yeye aliyekuja kutoka shamba na kaniki zake, na lau asingejaliwa sauti angekula nini mjini. Siku hizi tunakisimulia kama utani wa wazee, tunacheka, tunapita. Lakini neno moja lililomo ndani yake lilikuwa kisu.

Kaniki ilikuwa nguo ya pamba iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Ilivaliwa na watumwa na wanawake wa kazi za sulubu. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka katika minyororo hawakungoja kuelekezwa la kufanya. Wakaacha kaniki, wakajitanda kanga zenye rangi na maua, na baadaye wakajifunika buibui, vazi ambalo zamani lilikuwa la mabibi wa kiungwana. Kanga mpya begani ilimtangaza mtu huru barabarani kabla hajafungua kinywa. Basi kumkumbusha mwanamke kaniki yake hakukuwa kumcheka ushamba tu. Kulikuwa kumvua mbele za watu na kumrudisha alikotoka.

Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Kazi ya kwao ilikuwa ufinyanzi, naye alitembea na vyungu kichwani akivinadi. Inasemekana sauti ile ya kunadi ndiyo iliyowafanya watu wageuke kutazama ni nani anayepita. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa kuimba na mtu wa Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, wakati ambapo taarabu ya waheshimiwa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake hadi Bombay, wakarekodi sahani za santuri. Hapo Mtumwa alikuwa amekwisha kuwa Siti, yaani bibi mtukufu, jina ambalo hakurithi kwa yeyote.

Kadiri sifa zilivyopanda, ndivyo kijembe kilivyonolewa. Mahasidi hawakuweza kuigusa sauti, wakaushika mwili: hana sura, hana nasaba, hana nguo. Siti akajibu kwa wimbo, kwa kuwa mjini pale aliyeimbiwa akanyamaza alihesabiwa ameshindwa. Jibu lake lilikuwa fupi kuliko tusi. Alisema, kwa maneno yake mazuri kuliko haya yangu, kwamba sura jamali si hoja, wala ukoo mkubwa si hoja. Aliyepata hasara ni mtu aliyekosa akili.

Ukilisoma jibu hilo upesi utalidhani ni nasaha ya kawaida, ya kutundikwa ukutani darasani. Lilikuwa uchokozi. Siti hakusema kwamba yeye ni mzuri na wao hawaoni. Hakuwaomba wamtazame tena kwa jicho la huruma. Aliitwaa mizani yote, ile iliyokuwa na sura upande mmoja na nasaba upande wa pili, akaipindua katikati ya baraza, kisha akawaachia waliopimwa nayo kwa fahari waamue wenyewe akili zao zina uzito gani. Mtu aliyezaliwa akaitwa Mtumwa ndiye aliyekuwa akiwaambia hayo watu wenye majina marefu.

Aliyetuhifadhia kisa hiki kwa maandishi ni mwandishi Shaaban Robert. Alipata kuzungumza na Siti kabla bibi huyo hajafariki Julai 1950, na Wasifu wa Siti Binti Saad ukachapwa mwaka 1958. Watu hupenda kusema kwamba Shaaban Robert alimtukuza Siti. Mimi naona alifanya jambo gumu zaidi. Angeweza kulificha tusi, kama wafanyavyo waandishi wa wasifu wanaowapenda wanaowaandika. Hakulificha. Aliliacha katika kitabu pamoja na jibu lake, bega kwa bega, ili msomaji apite kwanza kwenye aibu ndipo afike kwenye ushindi. Mtu aliyewahi kuchekwa kwa sura yake hahitaji kuambiwa kwamba mashujaa hawachekwi. Anahitaji kuona walichekwa kwa maneno gani, na walifanya nini asubuhi yake.

Miaka minane baada ya kitabu hicho, mwili mwingine uliotukanwa ukapata kinywa, safari hii Nairobi na kwa lugha nyingine.

Okot p'Bitek alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mtunzi na mwimbaji aliyejulikana katika nchi ya Acholi, na mtoto alikulia ndani ya nyimbo hizo kabla hajaingia ndani ya vitabu. Vitabu vilipomfika vilimfika kweli: alisoma King's College, Budo, akaandika riwaya kwa Kiacholi iliyotoka mwaka 1953, kisha mwaka 1956 akaenda Uingereza na timu ya taifa ya kandanda ya Uganda. Wenzake waliporudi, yeye akabaki. Akasoma ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford. Huko Oxford, kama alivyosimulia baadaye kwa hasira, aliwasikia wahadhiri wakiwataja watu wa kwao kwa majina ya kishenzi, naye ameketi kwenye dawati lao, amevaa kama wao.

Mwaka 1966 East African Publishing House ya Nairobi ikatoa Song of Lawino. Okot alikuwa amelitunga shairi hilo kwa Kiacholi, Wer pa Lawino, lenye vina na mwendo wa kuimbika, ndipo akalitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Mwanzoni mwa kitabu aliungama kwamba mtafsiri, yaani yeye, amemkata tai mabawa na kuacha upanga wa shujaa ukipata kutu. La Kiacholi lilichapwa mwaka 1969, miaka mitatu baada ya tafsiri yake. Mambo ya Afrika Mashariki hayo: mtoto anatangulia, mama anafuata nyuma.

Kisa ni chepesi kusimulia. Lawino ni mke wa kijijini, hakusoma. Alikuwa kiongozi wa wasichana wenzake siku za ujana, na Ocol alimtongoza machozi yakimtoka. Sasa Ocol ana digrii, ni mwanasiasa, ameleta mwanamke mwingine anayeitwa Clementine, anayesema Kiingereza na kujipaka poda. Ocol hamwiti tena Lawino kwa jina. Anamwita mshenzi, mchafu, mjinga. Mafuta anayojipaka yanachafua mashuka meupe. Nywele zake hazifai. Ngoma yake ni dhambi. Chakula chake hakiliwi mezani. Sehemu baada ya sehemu, kumi na tatu kwa jumla, Lawino anainuka mbele ya ukoo na kujibu.

Na anajibu kwa kinywa kisichochuja. Hilo ndilo lililowashtua wasomaji wa 1966, hasa wale waliosoma shule za misheni na kufundishwa kwamba ushairi ni jua linalochwea na maua ya nchi ambazo hawajawahi kuziona. Lawino anazungumza juu ya matiti, juu ya jasho, juu ya chale za kifuani zinazotetemeka ngoma inapokolea. Anaieleza ngoma ya orak jinsi inavyochezwa mchana uwanjani, watu wazi, kila mmoja anaonekana alivyo: aliye na ngozi nyororo anaonekana, aliye na upele anaonekana, mvivu anaonekana. Kisha anaielezea dansi ya Wazungu inayochezwa ndani, gizani, katika moshi wa sigara, ambako mwanamume anamkumbatia mke wa mwenziwe, watu wamelewa na hawajuani. Halafu anauliza, kwa utulivu wa kuudhi, ipi hapo ni ya aibu.

Sehemu ninayoirudia mimi ni ya tano, ile inayosema twiga mwenye madaha hawezi kugeuka kima. Hapo Lawino anasema juu ya nywele. Anaeleza namna Waacholi wanavyozisuka na kuzipamba, namna mfiwa anavyoziacha bila kuzigusa, namna mafuta yanavyochaguliwa. Anaeleza kama fundi anayemweleza mwanafunzi, hana haraka. Anazungumzia pia nywele za Wahindi na za wanawake wa Kizungu, na hapo anasema jambo ambalo wengi hulisahau: nywele zile ni zao, ziwapendeze wao. Hana ugomvi na mila za wageni. Ugomvi wake ni na Mwafrika anayezichoma nywele zake kwa kitana cha moto ili zifanane na za mtu mwingine, tena na mume anayemlazimisha.

Kwa Kiswahili sehemu hiyo inachoma kwa namna ya pekee. Lugha yetu ina neno singa kwa nywele laini zilizonyooka, neno lenye sauti ya hariri, na kwa nywele zetu wenyewe ina kipilipili. Punje za pilipili zilizotapakaa kichwani! Mtoto wa pwani hujifunza ngazi hiyo kabla hajajua kusoma, kwa kusikia shangazi wanavyomsifu mtoto aliyezaliwa na singa na wanavyonyamaza wanapomshika kichwa mwenzake. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Imo tu ndani ya maneno, kama kaniki ilivyokuwa imo ndani ya kijembe.

Tofauti ya Siti na Lawino iko hapa. Siti aliikataa mizani. Lawino aliikalia. Hakusema kwamba uzuri si hoja; alisema uzuri ni hoja kubwa, na mimi ninao, tazameni, nitawahesabia kimoja kimoja. Kwa mwanamke aliyeambiwa kila siku na mumewe kwamba mwili wake ni uchafu, kuuhesabu mwili huo kwa sauti, mbele ya ukoo, na kukipa kila kiungo jina lake na sifa yake, ni kama mtu aliyeibiwa anayesimama mahakamani akavitambua vitu vyake kimoja baada ya kingine.

Wakati huohuo, upande wa pili wa bahari, Wamarekani weusi walikuwa wakianza kuziacha nywele zao zikue zilivyo na kusema kwamba weusi ni uzuri. Lawino hakuwa mwanafunzi wao. Okot alichota kwenye kisima cha nyumbani: nyimbo za Kiacholi za kilabu cha pombe na za ugomvi, zinazomwimba mtu mchana huku mwenyewe anasikia. Nyimbo hizo alizikusanya baadaye katika Horn of My Love, mwaka 1974. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana. Anazijua kwa jina la mipasho.

Lakini mipasho ina wa kupashwa, na hapo ndipo ninapoanza kusita juu ya kitabu ninachokipenda.

Clementine hana sehemu yake katika shairi. Hasemi neno. Tunamwona kwa macho ya mke mwenza tu, na macho hayo hayana huruma: midomo yake imekolea wekundu kama mdomo wa paka-mwitu aliyetoka kula, poda imemgeuza mchawi anayejiandaa kwenda kucheza usiku, matiti yake yamesinyaa na amejaza pamba kwenye sidiria. Lawino anasema hana wivu, kisha anakiri kwamba kidogo upo. Tunacheka, na kicheko ni kizuri, mpaka msomaji akumbuke kwamba naye ana kasoro moja kati ya hizo. Mwanamke mwembamba, mwanamke aliyenyonyesha watoto sita, binti aliyejichubua akiwa na miaka kumi na saba kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia anapendeza, wote wamo katika kicheko kile. Lawino aliurudisha mwili wake kwa kuutupa wa mwenziwe. Yule aliyewafanya wanawake wawili wapimane, Ocol, anatukanwa pia, tena vikali, anaambiwa vitabu vimemponda uume wake darasani. Lakini yeye atapewa sehemu ya mwisho iliyojaa dawa. Ukoo umwandalie mboga ya malakwang, asafishwe masikio na ulimi, arudishiwe nguvu za kiume, kisha amruhusu mkewe amchezee ngoma. Clementine hatayarishiwi chakula chochote.

Na jambo la mwisho analolitaka Lawino ni macho ya Ocol. Amtazame mara moja tu. Siti hakumwomba mtu amtazame.

Yapo pia yaliyosemwa na wahakiki tangu mwanzo: kwamba Lawino ni mwanamke aliyetungwa na mwanamume, na kwamba mwanamume huyo alikuwa msomi wa Oxford akiwasifia wanawake maisha ya kijijini ambayo yeye mwenyewe hakurudi kuyaishi. Taban lo Liyong, katika The Last Word ya mwaka 1969, alilidharau shairi hilo, ingawa miaka mingi baadaye ni yeye aliyekaa chini akalitafsiri upya kutoka Kiacholi. Hoja ya kalamu ya mwanamume ina uzito. Ila nakumbuka kwamba mdundo wa sauti ile ulitoka kwa Lacwaa Cerina, aliyeimba kabla mwanawe hajashika kalamu, na kwamba sauti ya Siti nayo imetufikia katika kitabu cha mwanamume. Katika karne ile wanawake waliimba, wanaume wakachapwa.

Okot mwenyewe hakumaliza neno. Mwaka 1970 alitoa Song of Ocol, jibu la mume, na humo kuna kilio kimoja kinachofungua kisa chote. Ocol, katikati ya majigambo yake juu ya maendeleo, anamgeukia mama yake na kumwuliza kwa nini alimzaa mweusi. Ukifika hapo unarudi nyuma kusoma matusi yote aliyomrushia mkewe, na unaona kwamba hakuwa akimtukana Lawino. Alikuwa mbele ya kioo. Mke aliyejipaka mafuta ya simsim, mwenye chale kifuani, alikuwa sura yake mwenyewe aliyokuwa akiikimbia toka shuleni, na kila siku alipofungua macho sura hiyo ilikuwa imelala kwenye mashuka yake meupe.

Mwaka uliofuata akaandika Song of Malaya. Jina la Kiswahili kabisa, na kwa makusudi, kwa maana ni neno ambalo kutoka Gulu hadi Mombasa hakuna asiyelielewa. Humo mwanamke anayeuza mwili anawakaribisha wateja wake kwa kuwataja: baharia, mwalimu, chifu, askari aliyemkamata mchana na kugonga mlango usiku. Haombi radhi. Wale waliomwita jina hilo ndio wanaoona haya. Shairi hilo lilichapwa pamoja na Song of Prisoner katika kitabu kimoja, na mwaka 1972 kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Kwa muda serikali za Afrika Mashariki ziliweza kumpa zawadi Okot. Kumwacha kwa amani ndiko kulikokuwa shida kwao. Kabla ya tuzo hiyo alikuwa mkurugenzi wa Kituo cha Utamaduni cha Taifa, Kampala, akaondolewa baada ya kuikosoa serikali akiwa safarini Zambia, akaishi uhamishoni Kenya kwa miaka.

Sasa twende Dar es Salaam, kwa kuwa huko maneno ya Lawino yalipata bahati mbaya ya kufanana na maneno ya serikali.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi vingepigwa vita, kwa kuwa ni utumwa wa kitamaduni. Kwenye karatasi, nusu ya orodha hiyo Lawino angeitia saini. Barabarani ilikuwa habari nyingine. Hata kabla ya tarehe kufika, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake eneo la Kariakoo, wakawateremsha kwenye mabasi, wakawapiga na kuwachania nguo, mpaka polisi wakaingia kati. Magazeti yakajaa barua. Wengine waliunga mkono kwa jazba. Wengine waliuliza maswali ambayo bado yana makali: kwa nini utamaduni wa taifa ulindwe kwenye mapaja ya wasichana, na mbona suti na tai za waheshimiwa si za kigeni?

Tena kulikuwa na kichekesho ambacho watu wa wakati ule hawakukosa kukiona. Mwaka mmoja kabla, serikali hiyohiyo ilikuwa ikiwasukuma Wamasai waache shuka zao na kujipaka ngeu, wavae suruali kama watu wa kisasa. Aliyevaa kimila aliweza kukataliwa hata kupanda basi. Basi dada wa mjini alikuwa na hatia kwa kuonyesha miguu kwa kuwa si Uafrika, na moran wa Arusha alikuwa na hatia kwa kuonyesha paja kwa kuwa ni Uafrika mno. Uganda nayo ikafuata njia yake. Mwaka 1972 Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi kwa amri, na mwaka 1974 akaongeza mawigi.

Watu wengi huviweka vitu hivi viwili kapu moja, shairi na operesheni, kwa sababu vyote vililaani poda na wigi. Nakataa. Lawino alimchokoza msomaji, kisha akamwacha na hasira yake nyumbani afanye atakalo: akitupe kitabu, acheke, ajitazame kwenye kioo. Kijana wa Kariakoo hakumwachia mtu nafasi hiyo. Aliyepigwa kwa sababu ya wigi hakujifunza kuzipenda nywele zilizo chini yake. Alijifunza kwamba hata kichwa chake kina mwenyewe mwingine. Hata hivyo siwezi kumtoa Lawino kabisa kwenye kesi. Kicheko alichomchekea Clementine ndicho kilichosikika sokoni, kimeongezewa rungu.

Katika hali hiyo ndipo shairi likaingia katika Kiswahili. Mwaka 1975 East African Publishing House ilichapa Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa, aliyejulikana zaidi kwa sauti yake kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Nadhani kazi yake haijapewa heshima inayostahili. Okot alikuwa amelalamika kwamba Kiingereza kimemnyima vina na makali. Kiswahili kina vya kutosha vya yote mawili, na kina mke mwenza, kina shemeji, kina ukoo, maneno ambayo Kiingereza hulazimika kuyazunguka. Lawino anapofoka kwa Kiswahili anasikika kama mtu wa mtaa wa pili.

Nilikikuta kitabu hicho nikiwa kidato cha pili, nakala isiyo na jalada, imepitia mikono mingi. Mwalimu aliyetusomea aliruka mistari. Tulijua anaruka kwa sababu alikuwa akikohoa kwanza. Jioni bwenini mwenzetu mmoja aliisoma mistari iliyorukwa kwa sauti, na baada ya vicheko kukaingia ukimya wa ajabu. Wote tulikuwa tumenyolewa vichwa siku ya kwanza ya shule, wasichana kwa wavulana, kwa kuwa nywele zetu zilihesabiwa chanzo cha chawa na utoro. Hakuna aliyewahi kutusomea ukurasa mzima unaozitaja nywele hizo kwa mapenzi. Msichana mmoja aliomba sehemu ile ya twiga irudiwe. Ikarudiwa mara tatu.

Okot alirudi Makerere baada ya Amin kuondoka, akapewa kiti cha uprofesa wa uandishi wa kubuni. Hakukikalia mwaka. Alifariki Kampala tarehe 20 Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51.

Kisa cha mwili uliotukanwa hakikuzikwa naye. Aprili 2015, Apaa, katika wilaya ya Amuru, nchi ya Lawino mwenyewe, mawaziri wawili walifika na wapima ardhi kuweka mipaka ambayo wenyeji waliikataa. Wanawake wazee wa Kiacholi walitoka mbele ya msafara wakavua nguo. Katika mila yao, kama ilivyo kwa wengi wetu, uchi wa mama mzee ukielekezwa kwako ni laana. Picha zilizagaa. Wapo waliowacheka wazee wale kwa matiti yao yaliyolegea, kicheko kilekile alichochekewa Clementine, na wao hawakujifunika.

Miaka mitatu baadaye Stella Nyanzi, mtafiti aliyekuwa Makerere, aliandika shairi la siku ya kuzaliwa ya Rais Museveni na kuutaja ndani yake mwili wa mama aliyemzaa kwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Agosti 2019 alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Februari 2020 Mahakama Kuu ikamwachia. Shairi lile lilinisumbua na bado linanisumbua. Mama wa mtu, aliyekwisha kufa, hakuwa na kesi. Lakini Nyanzi huyohuyo ndiye aliyekuwa amezunguka akichangisha pedi za wasichana wa shule, akisema neno hedhi kwa sauti kamili mbele ya watu waliozoea kulinong'ona. Kuna mabinti Uganda waliolisikia neno hilo likitamkwa hadharani bila aibu kwa mara ya kwanza kinywani mwake.

Mkorogo wa kuchubua ngozi nao bado unauzwa. Serikali zimepiga marufuku krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, masanduku yamechomwa mbele ya kamera, na makopo yapo chini ya meza za maduka ya vipodozi kwa anayejua kuuliza. Vichwa vya wanafunzi vinaendelea kunyolewa kila Januari. Mwenye nakala ya Wimbo wa Lawino asiiache kabatini. Mtoto wa jirani akirudi likizo na upara wake, msomee sehemu ya tano, kwa sauti, wala usikohoe.